Sura ya Saba: Na Franga Yangu Mwenyewe

Asubuhi ile ya Jumanne Farida Amuri alitoka Goma akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi kabla ya siku yake, na furaha hiyo ndiyo iliyomtia aibu zaidi baadaye, kila alipoikumbuka. Kwenye bahasha alikuwa na vitu vitatu: picha, karatasi, na nakala ya ripoti yake. Kilichobaki kilikuwa gari lenyewe, na gari aliamini liko Rutshuru.

Picha ilionyesha Triumph ya milango miwili, isiyo na paa, ambayo zamani ilikuwa nyekundu na sasa ilikuwa kutu tupu. Jafari, mfanyabiashara wa matairi wa mtaa wa Birere, aliinunua mwaka jana, miezi michache baada ya lava ya volkano ya 2021, kutoka kwenye banda la shamba la kahawa lililoachwa. Ikaburutwa hadi uani kwake, mtaa wa Himbi. Hakuitaka kwa ajili ya kuendesha. Alitaka nyumba yake iwe na kitu kimoja cha kushika pamoja. Basi kila Jumapili mkewe Waridi alishona viti, binti yao Shakila alisugua kutu kwa brashi ya waya, Jafari mwenyewe alitandaza vyuma vya injini kwenye mkeka, na Sibomana, fundi wa kulehemu aliyetoka milima ya Masisi, aliwaelekeza wote akishatoka kanisani. Pichani wote wana mikono ya rangi ya kutu. Djibril peke yake, kijana wao mkubwa, amesimama pembeni na shati jeupe pee.

Ijumaa iliyopita, wanaume wakiwa msikitini na wanawake kwenye matanga ya jirani, gari likatoweka. Kufuli la geti halikuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu: ya Jafari, ya Djibril, na ya Sibomana.

Jafari alimwita Farida kabla ya polisi. Farida alizaliwa Goma, lakini lava ya 2002 ilipomkimbiza alikuwa na miaka sita, na shangazi yake akamchukua hadi Tanga. Huko alikua, akasoma, akafanya kazi ya kuchunguza madai ya bima za magari. Alikuwa amerudi miezi miwili tu iliyopita kumuuguza mama yake. Watu wa Goma walipenda kumsikia akiongea Kiswahili chake cha pwani. Naye, tuseme ukweli, alipenda kusikilizwa.

Jumamosi Djibril alimletea karatasi. Aliikuta, alisema, kwenye sanduku la vifaa ambalo Sibomana aliliacha uani. Mwandiko ulikuwa mzito, wa mtu aliyezoea nyundo kuliko kalamu: *Mimi Sibomana nimeuza gari Triumph kwa Papa Kasereka. Rutshuru, tarehe 8.*

"Ameliuza!" Farida alisema.

Djibril alimtazama kitambo. "Uko na hakika, madame?"

"Kiswahili nakijua, Djibril."

Jumapili saa kumi jioni Sibomana alikamatwa mlangoni mwa kanisa, kwaya ikitoka, naye bado ana joho la kwaya mwilini. Wanawake wa sauti ya kwanza waliacha kuimba mmoja mmoja. Ofisa wa upelelezi, Landry, alikuwa mtu wa Kinshasa mwenye miezi mitatu tu Goma. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza tu, kwa hiyo alimwachia Farida maswali na akaomba ripoti kwa Kifaransa.

"Uliuza gari, Sibomana? Ndiyo au hapana."

"Ndiyo, mama. Niliuza. Kwa Kasereka."

"Na pesa?"

"Niliuza na franga yangu mwenyewe. Nenda umuulize Kasereka."

"Huna hata aibu?"

"Aibu ya nini, mama?" Sibomana aliuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

Farida aliandika: *amekiri kuuza, na anadai pesa ni zake.* Sheria ilimpa Landry saa arobaini na nane. Leo, Jumanne, saa kumi jioni faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka na Sibomana angekwenda jela kuu, na huko watu hukaa miezi kabla jina lao halijasomwa. Farida alitaka gari lipatikane kabla ya saa hiyo ili kesi isiwe na tundu.

Walipofika Kibumba, njiani kwenda Rutshuru, Cyprien, dereva aliyemkodi, alipunguza mwendo.

"Madame, tusimame kidogo. Nitauza mashu."

"Uza tu, mradi usichelewe."

Farida alibaki garini akijibu ujumbe wa simu. Mbele yao lori lililofunikwa turubai lilikuwa limepandishwa jeki, na mtu mmoja amelala chini yake akipigana na gurudumu. Mara Cyprien akarudi, akafungua buti, akapanga humo kabichi sita kubwa.

"Hukuuza?" Farida aliuliza.

"Niliuza, madame. Sita."

Sita zimeuzwa na sita zimebaki, Farida aliwaza. Huyu dereva ana biashara mbili na zote hazimwendei vizuri. Akacheka kimoyomoyo, wakaendelea na safari.

* * *

Kasereka alikuwa mzee mfupi mwenye koti la mvua, mlinzi wa shamba la kahawa ambalo halikuwa na kahawa tena. Aliwapokea mbele ya banda la mabati.

"Shikamoo, mzee," alisema Farida.

Kasereka hakujua aitikie nini. "Jambo, mama. Karibu."

Farida hakukaa. Alikuwa amejifunza Tanga kwamba mpokeaji wa mali ya wizi unamhoji ukiwa bado umesimama. "Naitwa Farida Amuri. Nimekuja kwa ajili ya gari. Lile alilokuuzia Sibomana."

"Ah, ile!" Kasereka alitabasamu. "Ilikwisha kwenda."

"Limekwenda wapi?"

"Kwake, Goma. Ilipanda kamyo ya turubai jana."

"Umemrudishia? Nani amekwambia umrudishie?"

"Kurudisha nini, mama? Iko yake. Aliuza."

"Kama aliuza, basi si yake tena!"

Kasereka alimtazama Cyprien, kisha akamtazama Farida, akaongea taratibu kama anayeongea na mgonjwa. "Mama, mutu akiuza kitu, kitu kinakuwa cha nani?"

"Cha mwingine."

"Cha mwingine?" Mzee aligeuka mzima mzima. "Kwenu mutu anatosha franga yake, anauza kitu, na kitu kinakuwa cha mwingine?"

Cyprien alikohoa. Farida alifungua mdomo kujibu, kisha akayarudia maneno ya mzee kimoyomoyo. *Anatosha franga yake, anauza kitu.* Aliziona kabichi sita ndani ya buti: Cyprien alikuwa ametoa pesa, akazinunua.

"Mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka bila yeye kuishusha. "Wewe ulifanya nini na gari hilo?"

"Mimi njo niliuzisha. Yeye njo aliuza. Ngoja."

Aliingia ndani akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa uleule mzito: *Mimi Kasereka nimeuzisha gari Triumph ya pili kwa Sibomana. Rutshuru, tarehe 8.* Chini kulikuwa na alama ya kidole gumba.

"Yeye aliandika zote mbili, juu mimi sijue kuandika muzuri. Moja yake, moja yangu."

"Ya pili," Farida alisoma tena.

Kasereka akafungua mlango wa banda. Sakafu ilikuwa ya udongo. Upande wa kushoto majani membamba yalikuwa yameota mahali palipokuwa na kitu kizito hadi mwaka jana. Upande wa kulia hapakuwa na jani hata moja. Kulikuwa na alama nne za magurudumu, na mafuta meusi ambayo yalishika kidole Farida alipoyagusa. Mwenye shamba na ndugu yake, mzee alieleza, walikuwa na gari moja moja, pacha. Ya kwanza Kasereka alimuuzisha Jafari. Ya pili iliungua mbele, haina injini, lakini milango yake na chini yake vilikuwa vizima.

"Sibomana alisema ile ya muzee Jafari imeoza chini, mutu akikanyaga anaona barabara. Akasema atatoa chini ya hii, aweke kwa ile, na milango. Ni zawadi. Aliniomba nisisemee mutu." Alimwangalia Farida. "Mama, kuko mubaya gani?"

Farida alisema ubaya. Aliusema wote, na kanisa, na joho. Kasereka alisikiliza hadi mwisho. Alipomaliza mzee aliuliza kitu kimoja tu.

"Nani alikufundisha Kiswahili, mama?"

"Shangazi yangu."

"Alikufundisha muzuri. Lakini hapa hapana kwake."

Farida alitamani mzee amtukane.

* * *

Walipoteremka Kibumba lori la turubai halikuwepo tena. Njia nzima Farida alikuwa akizipanga upya siku tatu zilizopita na kuona jinsi kila kitu kilivyokaa mahali pake bila yeye. Alikuwa amempita shahidi wake asubuhi, gari la pili lililofunikwa turubai juu ya lori hilo, mita ishirini mbele ya pua yake.

Alitoa karatasi ya kwanza akampa Cyprien walipokuwa wamesimama kupisha ng'ombe. "Soma. Umeelewa nini?"

Cyprien alisoma akisogeza midomo. "Sibomana aliuza gari kwa Kasereka. Ni risiti yake."

"Mtu aliyezaliwa Birere anaweza kuelewa vingine?"

"Hata mutoto wa primaire, hapana."

Hapo ndipo Farida alipoikumbuka *Uko na hakika, madame?* na jinsi kijana alivyomtazama kitambo. Djibril alizaliwa Birere. Djibril aliisoma karatasi kabla yake, akajua ni risiti ya manunuzi, kisha akasikia mgeni mwenye Kiswahili cha sifa akiipindua, akanyamaza. Na Farida alimuuliza Sibomana saa kwa saa alikuwa wapi Ijumaa ile, lakini Djibril hakumuuliza hata swali moja. Kwa nini amuulize mtu aliyemletea ushahidi mkononi?

Alipiga simu msikitini wakiwa njiani. Mzee anayepokea viatu mlangoni alikumbuka vizuri: Jafari alikuja peke yake Ijumaa, na alilalamika kwamba kijana wake amechelewa. Kijana hakufika kabisa.

Kisha alimpigia Jafari. "Mzee wangu, tafadhali njooni polisi saa tisa. Wewe, Shakila na Djibril. Ni kuhusu gari."

* * *

Ofisi ya Landry ilikuwa na meza moja, viti vitatu, na juu ya meza vitu vya mahabusu ndani ya kikapu: mkanda, viatu, simu ndogo. Simu ilikuwa inalia. Landry aliizima sauti bila kuiangalia.

"Inalia tangu asubuhi. Simu ya mufungwa hatupokeake." Alimtazama Farida. "Gari?"

"Hakuna gari. Nilikosea."

Alimweleza. Landry alivuta faili, akafungua ripoti, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa. "Hii signature ya nani?"

"Yangu."

"Mimi sikuandika kitu. Mimi ni mutu ya Kinshasa, nilikuaminia." Alimsogezea karatasi nyeupe na kalamu. "Andika kama ulikosea. Na uandike kila kitu."

Farida aliandika kwa Kifaransa kwamba hakulielewa neno moja la watu aliozaliwa kwao, kwamba aliulizwa kama ana hakika na akajibu kwa majivuno, na kwamba mtu amelala sakafuni usiku mbili kwa sababu hiyo. Alitia sahihi. Alijua kwamba baada ya hapo hakuna mtu Goma atakayemkodi tena kwa uzuri wa maneno yake.

"Haitoshe," Landry alisema baada ya kusoma. "Mwenye kushitaki lazima aondoe mashitaka yake. Na saa ni tisa na robo."

Jafari aliingia na kofia mkononi, Shakila nyuma yake, Djibril mwisho. Shati lake lilikuwa jeupe kama la pichani. Mlango wa nyuma ukafunguliwa na askari akamleta Sibomana kutoka kasho, chumba cha mahabusu, miguu mitupu, joho la kwaya limekunjwa kwapani. Alikuwa amelilalia kama mto. Jafari aliangalia pembeni.

Farida alimpa Djibril karatasi. "Tusomee, tafadhali. Kwa sauti."

"Wewe ulishaisoma, madame."

"Niliisoma vibaya. Isome wewe."

Djibril alisoma haraka, kichwa chini. "Mimi Sibomana nimeuza gari Triumph kwa Papa Kasereka."

Shakila alikunja uso. "Aliuza gari kwa Kasereka?" Akamgeukia fundi. "Papa Sibomana, uliuza Triumph ingine? Ya nani?"

"Yenu," Sibomana alisema. "Ile ingine, pacha yake. Nilitaka kutia chini mupya, juu wewe unakanyagaka fasi imeoza."

Jafari hakuwa mtu wa haraka. Ilimchukua muda kuelewa, na Farida alimwona akielewa.

"Karatasi hii, mimi sijaiona," Jafari alisema. "Polisi walinieleza tu kwa Kifaransa, kama fundi ameuzisha gari yangu. Djibril. Wewe uliisoma?"

"Mimi sikusema kitu, papa. Ni yeye alisoma vile." Djibril alimnyooshea Farida kidole. "Mimi nilinyamaza tu."

"Ni kweli," alisema Farida. "Mimi nilisoma. Yeye alinyamaza. Ijumaa hukufika msikitini, Djibril. Ufunguo unao. Gari liko wapi?"

Djibril alitazama mlango, na mlangoni alikuwa amesimama askari. Alipoanza kuongea aliongea na baba yake tu.

"Bakwe zangu balikuya kuona nyumba, papa. Mama ya muchumba wangu Lucie akaona ile kutu uani, akacheka. Akauliza kama huku Himbi siku hizi tunachunga vyuma. Balicheka bote. Na wewe ukatoka na mikono yako vile, ukataka kuwasalimia. Nilisikia haya. Niliita batu ba vyuma bakaibeba."

"Iko wapi?"

"Walishaikata, papa. Jumamosi."

Shakila aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kucha zake zilikuwa bado na kutu.

"Mama yako anashona kiti cha pili," Jafari alisema. "Sasa hivi, tunavyoongea, anashona." Akavaa kofia, akaivua tena. "Uliona haya juu ya mikono yangu, ukaacha mutu afungwe mbele ya kanisa yake."

Jafari aliomba kalamu, akatia sahihi mahali Landry alipomwonyesha, kisha, mrefu alivyo, akajikunja mbele ya Sibomana.

"Fundi, mimi sina mudomo wa kusema."

"Basi usiseme leo, muzee," Sibomana alijibu. Hakusema amesamehe.

Farida alijua zamu yake imefika. Alikuwa ameandaa maneno tangu Kibumba, mazuri, yenye mpangilio, na sasa aliyatupa yote. "Baba Sibomana," alianza.

Simu kikapuni ikawaka tena, ikitetemeka juu ya mkanda. Landry alitazama saa yake, akatazama sahihi mbili, akamsogezea Sibomana kikapu. Lakini Sibomana alikuwa ameshika joho kwa mikono yote miwili. Alimtazama Farida.

"Nipokelee, mama. Weka kwa sauti."

Farida alibonyeza. Kelele za honi zikajaa ofisini, na sauti ya mwanaume aliyechoka.

"Allô! Fundi! Juu ya nini haupokee? Niko na kamyo ku barrière ya mujini na hii gari yako ya kuungua, banakataa nipite. Banasema nimeiba. Banataka jina. Nani aliuza hii gari?"

Djibril alikuwa ameinamisha kichwa. Landry, ambaye alianza kulielewa neno hilo, aliweka kalamu chini. Sibomana alisubiri, miguu mitupu, bila kumsaidia Farida.

"Allô? Nani aliuza?"

Farida aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Sibomana," alisema, kwa sauti ya kufika hadi kasho. "Andika hivyo. Sibomana ndiye aliuza. Na franga yake mwenyewe."